Nilimuuguza baba miezi tisa: makosa yangu, na hesabu aliyoniachia

Naandika hii kwa sababu kuna rafiki yangu mama yake kaambiwa wiki iliyopita ana kansa, akanipigia analia, akaniuliza "wewe ulifanyaje?" na mimi nikajikuta namjibu vitu vya juu juu tu, pole dada, Mungu ni mwema, usikate tamaa. Nilivyokata simu nikaona aibu. Mimi nilichofanya nakijua, na karibu nusu yake sikutakiwa kukifanya. Kwa hiyo nimekaa nimeandika yote, ya hela, ya hospitali, na ya Mungu pia, maana kwetu hayo mambo yalikuja kwa pamoja hayakujipanga foleni.

Kwetu ni Machame, mlimani Kilimanjaro. Mimi naishi Dar, nina duka la vifaa vya shule Mbagala, madaftari, kalamu, fotokopi, hayo hayo. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi, kafundisha kuanzia 1968 mpaka alipostaafu 2004, miaka thelathini na sita ya chaki. Krismasi ya 2021 tulipanda wote nyumbani kama kawaida ya Wachagga, na siku ile ya nyama ndipo tuliona kitu cha kwanza, kipande kilimkwama akasimama akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, akarudi macho mekundu akasema "nimetafuna vibaya, meno ya uzee haya." Tukacheka. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko nasikia vibaya.

Januari mama akasema kwenye simu kwamba Mwalimu (ndivyo anavyomwita mumewe) siku hizi anataka mtori tu. Sasa mtori kwetu ni chakula cha heshima, nani atashtuka mzee akitaka mtori? Akanunua dawa za vidonda vya tumbo duka la dawa, akanywa mwezi, akanunua nyingine. Alikuwa anakwama nyama, ikaja kukwama ndizi, ikaja kukwama wali, na kilo zinashuka, mkanda anatoboa tundu jipya. Machi ndio tukampeleka hospitali ya rufaa, wakamwingiza kamera kooni, wakachukua kinyama kwenda kupima, wiki mbili majibu. Kansa ya koo la chakula, na imeshasogea. Daktari aliuliza kama alikuwa anapenda chai ya moto sana, mama akaangalia chini, maana baba chai isipounguza midomo alikuwa anairudisha jikoni.

Kwa hiyo la kwanza kabisa nalowaambia: chakula kikianza kumkwama mtu mzima na hali inaendelea zaidi ya wiki mbili, usikae na dawa za tumbo, dai kipimo cha kamera. Sisi tulipoteza miezi mitatu. Sisemi angepona, ila miezi mitatu ni miezi mitatu.

La pili ndio kosa langu kubwa, na nalisema mimi maana mimi ndiye niliyelipendekeza. Daktari alituita watoto pembeni, na hapo hapo korido nikasema "mzee tusimwambie." Tukamwambia ni vidonda vikubwa. Kaka zangu wakakubali, mama akanyamaza tu. Tulidhani tunamlinda. Matokeo yake ni kwamba kila aliyeingia chumbani kwake alikuwa anaigiza, tunaongea habari za mahindi na siasa, na mzee wa watu anatuangalia mmoja mmoja kama anasimamia mtihani.

Hospitali walipendekeza aje Dar apigwe mionzi kidogo ili koo lifunguke, na walisema wazi ni ya kumpunguzia shida, sio ya kuponya. Mimi hilo neno "sio ya kuponya" sikulimeza. Kuna jirani yangu wa dukani alikuwa anasali kwa nabii mmoja hapa hapa mjini, akanipeleka. Jamani nitasema ukweli wote. Nilienda na picha ya baba kwenye simu. Nikanunua mafuta, nikanunua maji, halafu ikaja ibada ya sadaka ya kujimaliza, nikatoa laki sita, mtaji wa madaftari ya muhula mpya, nikaishika bahasha mikono miwili nalia. Nikaambiwa ile kansa imeng'oka mizizi. Na mimi kwa ile furaha nikapiga simu nyumbani nikasema tarehe ya mionzi tuisogeze, tusionyeshe mashaka. Wiki tatu. Ndani ya hizo wiki tatu baba alifika mahali uji mwepesi haupiti, mate yake mwenyewe anayatema kwenye kikopo.

Sitaki mtu anielewe vibaya, mimi naombea wagonjwa na nimeona watu wamepona. Ila mtu akikuuzia uhakika, tena kwa bahasha, na akikwambia uache hospitali, ondoka hapo. Nilikuwa nafikiri nimemkimbilia Mungu, kumbe nimemkimbilia mtu mwenye maikrofoni ambaye na yeye atakufa kama baba yangu.

Basi Mei kaka akamshusha Dar na gari ya kukodi, tukaenda hospitali kichwa chini. Hakuna daktari aliyetugombeza, mmoja tu aliuliza "mlikuwa wapi?" na sikuwa na jibu. Wakamwekea stenti, kile kibomba cha kupanua koo, akapigwa na mionzi michache. Bima ya wastaafu ilibeba sehemu kubwa lakini msidanganyike, hela inaondoka kwenye vitu ambavyo havina risiti: nauli, bajaji za asubuhi, chakula cha anayeuguza, vocha, pampasi za wakubwa, mashuka ya akiba. Mimi nilikuwa na daftari la duka nikawa naandika humo humo, kwa miezi ile miwili milioni mbili na laki tatu ziliondoka hivyo, elfu tano elfu tano. Weka mtu mmoja wa kushika hela na kuandika, la sivyo ndugu mtakuja kuhesabiana msibani.

Uji ukarudi kupita. Kwa mwenye stenti: vijiko vidogo, akae wima wakati wa kula na muda mzuri baada ya kula, maji kidogo baada ya chakula, na usiku kichwa kiinuliwe asilale bapa. Tulimrudisha Machame mwishoni mwa Juni, mwenyewe alidai. Alisema hawezi kukata roho kwenye joto la Mbagala na mbu wake. Alivyosema "kukata roho" nikajua kwamba anajua.

Na ilikuwa siku ya pili tu baada ya kufika. Asubuhi kabla mawingu hayajafunga mlima tulimtoa nje kwenye kiti, Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, kikawa wazi kabisa, mimi namsaidia kunywa uji. Akaniambia, "Mama," (baba zetu wanatuita mama sisi watoto wa kike) "nyie mlidhani mimi sijui?" Nikataka kuanzisha ile habari ya vidonda, akainua mkono. "Niliona barua ya rufaa. Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka thelathini na sita, mnaniigizia mimi?" Nikalia vibaya sana. Nikamwambia na ya nabii, na laki sita, na wiki tatu. Nilitegemea atanyamaza au atakasirika. Akauliza, "Laki sita ni madaftari mangapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema "Ungewapa watoto wa shule." Na basi, hakurudia tena ile habari mpaka anakufa.

Halafu akaniomba nimletee daftari jipya na kalamu, na Biblia yake, ile ya tafsiri ya zamani ya Union, ilikuwa imeshaachia gamba.

Sasa Zaburi ya 90 sisi Walutheri tumeisikia kwenye misiba mpaka masikio yamezoea. Imeandikwa juu yake ni sala ya Musa. Mchungaji akianza "Wewe, Bwana, umekuwa makao yetu, kizazi baada ya kizazi" wewe unaangalia kama pilau limefika. Mimi sijawahi kuisikiliza. Baba akaniambia nisome taratibu, akawa ananisimamisha kama darasani.

Nilipofika "Kabla haijazaliwa milima" akaelekeza kidole Kibo. Akasema unaona huo, mita 5,895, watu wanatoka Ulaya kuja kuupanda, wewe umezaliwa umeukuta, mimi nimeukuta, babu yako aliukuta. Lakini hapo imeandikwa ulizaliwa. Huo mlima una siku ya kuzaliwa, ulitoka kwenye moto, na ile barafu nilipokuwa mtoto ilikuwa inashuka chini zaidi ya hapo, kwa hiyo na wenyewe unazeeka, taratibu tu kuliko mimi. Halafu akasema wazee wa zamani kabla hata wamisionari wa Leipzig hawajafika hapa Machame 1893 walikuwa wakiamka wanatazama kule jua linakotoka wanamtaja Ruwa, yaani Mungu kwa Kichagga, "hawakuwa wajinga wale, walikuwa wanatafuta kitu ambacho hakizaliwi."

Tukafika kwenye miaka elfu, kwamba machoni pake ni kama siku ya jana ikiisha kupita. Hapo ndio akachukua kalamu. Mkono unatetemeka lakini tarakimu zake bado za ubaoni. Kama miaka elfu ni siku moja, mtu wa miaka sabini na nane kaishi muda gani? Sabini na nane gawanya kwa elfu, zidisha kwa ishirini na nne. Akaandika hatua zote, hakuruka hata moja, maana alikuwa mtu wa kunyima maksi ukiruka hatua. Jibu: saa moja na dakika hamsini na mbili. Akapigia mstari. "Ibada moja ya Jumapili yenye mnada," akasema, na akacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia baba hiyo ni mfano tu sio hesabu, Musa kasema "kama." Akasema najua, acha nifanye, hesabu inanituliza.

Mstari wa kumi unasema miaka yetu ni sabini, na ikiwa tuna nguvu themanini. Akasema "Mimi niko katikati, nimezidisha nane, sidai chenji." (Musa mwenyewe Biblia inasema alikufa na miaka 120, nilimkumbusha, akasema mwandishi wa mtihani huwa hajibu maswali yake.)

Lakini msidhani ilikuwa masihara tu. Kuna usiku, Agosti hiyo, maumivu yalikuwa yamepanda na mimi ndiye niliyekuwa zamu. Hapo niweke neno: watu wa tiba shufaa, wale wa kupunguza maumivu ya mgonjwa asiyepona, wapo, wanakuja mpaka nyumbani sehemu nyingi, na ile mofini ya maji sio sumu na sio kwamba ukimpa unamuua. Sisi tulikuwa tunambania, tunampa akishalia, kumbe inatolewa kwa saa zilizopangwa, kabla maumivu hayajarudi. Nesi alipotufundisha mzee akalala usiku mzima kwa mara ya kwanza. Omba mapema, usisubiri.

Sasa huo usiku wa kabla ya nesi, saa nane, namshika mikono, nikapasuka. Nikasema kwa sauti, "Inatusaidia nini kwamba yeye ni wa milele? Yeye ana milele, sisi tuna Septemba." Nilidhani kalala. Akafungua macho, akachukua muda mrefu kupata pumzi, halafu akasema kitu ambacho nimekiandika asubuhi yake nisije nikakisahau. Alisema: "Kama na yeye angekuwa anahesabiwa siku kama mimi, ningeegemea wapi? Mgonjwa haegemei mgonjwa. Daktari anazeeka, mama yenu anazeeka, nyie mtachoka. Mimi siwezi kumshika tena mtu, mikono haina nguvu. Nataka mahali pa kukaa pasipohitaji nguvu zangu." Kisha akaniuliza imeandikwaje pale mwanzo, kimbilio au makao? Nikasema makao. Akasema, "Ehe."

Hilo neno limekaa na mimi kuliko mahubiri yote. Mimi maisha yangu yote Mungu alikuwa kimbilio kwa maana ya kibanda cha basi, mvua ikinyesha naingia, ikikatika natoka naendelea na shughuli zangu. Kansa ilipokuja nikaingia mbio nadai mvua ikatike, na haikukatika nikahama kibanda nikaenda cha nabii. Baba yeye alikuwa anakaa humo miaka yote, ndio maana hakuwa na haraka. Na imeandikwa "umekuwa", sio utakuwa. Babu alikaa humo, baba yake babu labda alikuwa anapapasa mlango.

Kuna sehemu sikuipenda na bado inanisumbua, ule mstari wa "tumetoweshwa kwa hasira yako." Nilitaka kuuruka, baba akanikatalia, akasema usiruke hatua. Hakunieleza ukanielea. Ila ule wa kurudishwa mavumbini, "Rudini, enyi wanadamu," alisema yeye huwa hausikii kama hukumu, anasikia sauti ya mama yake jioni, giza linaingia, watoto wako kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, wanachezea maji, na sauti inatoka kwenye migomba, rudini! Sijui wachungaji watasema nini kuhusu hiyo tafsiri. Mimi nimeipokea.

Kwa kuwa sasa hatuigizi tena, tulipata wiki sita nzuri, naweza kuziita hivyo kabisa. Aliita kaka zangu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba, wakapeana sale, lile jani la kuombana msamaha kwetu, mbele yake, yeye kalala anaangalia. Alituonyesha bahasha ya hati, namba ya akaunti, nani anamdai na yeye anamdai nani (mtu mmoja, elfu arobaini, akasema msamehe). Tuliandika wasifu wake pamoja, tarehe zote sahihi, ikatuokoa siku ya msiba maana sehemu nyingi unakuta watoto wanabishana baba kazaliwa lini. Kama mgonjwa wako anaweza kuongea, fanya haya akiwa anaongea. Huwezi kuyafanya kama unamdanganya kwamba ana vidonda.

Alikufa Septemba, alfajiri, mama anamsomea. Mama hana maneno mengi, alifunga kitabu akasema ule wa Waebrania, "Yesu Kristo ni yeye yule, jana na leo na hata milele," akamfunga kidevu na kitambaa, ndipo akaanza kulia.

Ya msiba nitapita haraka. Kosa: jeneza. Tulichukua la milioni moja na laki mbili kwa sababu ya macho ya watu, lilikaa juu ya ardhi siku moja, na baadae mama alikaa miezi miwili bila mbolea. Kwa kifo cha nyumbani anza na mtendaji wa kijiji akuandikie, halafu ndio ufuate cheti cha kifo RITA, wale wa kusajili vizazi na vifo, wilayani, na fanya ndani ya siku 30, msiseme matanga yaishe kwanza. Bila hicho cheti mirathi Mahakama ya Mwanzo haianzi, benki hawakusikilizi. Na kikao cha ukoo kiandikwe muhtasari siku hiyo hiyo watu wakiwa bado wapo, wakishapanda basi kuwapata tena ni kazi.

Ila kuna moja la siku ya kuchimba. Kaburi lilikuwa kwenye kihamba, shamba la ukoo la nyumbani, chini ya migomba kama desturi, na fundi wa kujengea alikuwa mzee wa kama miaka sitini hivi. Nikamuona anavuta kamba, anapima upande huu tatu, huu nne, anakwenda kukagua ile ya mshazari kama ni tano, ili pembe ikae sawa. Nikasimama tu naangalia. Akaniona akasema, "Hii tatu nne tano kanifundisha huyu huyu ninayemjengea. Kwa fimbo." Zaburi inaishia na ombi, kazi ya mikono yetu uithibitishe kwetu, naam, kazi ya mikono yetu uithibitishe, na nilikuwa sijawahi kujiuliza kwa nini mtu aliyetoka kusema sisi ni majani yanayonyauka jioni anaombea kazi yake idumu. Baba kalala ndani, na pembe yake inapimwa pale nje na mtu aliyemfundisha. Yule fundi hakuchukua hela yetu.

Sijapona, kama mtu anauliza. Kuna siku naingia kanisani natoka kabla ya mahubiri. Wiki zile tatu nazibeba, nimeshaombewa, nimeshaungama, bado naamka nazo siku nyingine. Nilichoacha ni kudai mvua ikatike. Nakaa tu. Nasoma ule mstari wa kwanza, kuna siku hausemi kitu, na ninakaa hivyo hivyo.

Daftari lake ninalo hapa dukani chini ya kaunta, na ukurasa wa mwisho kaandika "utujulishe kuzihesabu siku zetu" na chini yake miaka 70 zidisha 365, 25,550, na pembeni kwa maandishi madogo: bado hujaweka miaka mirefu. Juzi pakiwa pametulia nikachukua kalkuleta nikafanya ile ya kwake kwa miaka yangu. Nina arobaini na moja. Ilikuja dakika hamsini na tisa. Nilikuwa bado naangalia ile namba, mtoto wa sare ya kijani akaingia anataka kaunta buku mbili na rula, na hana hela ya rula.